Kabla ya kupuliza sumu kwenye ua la sebuleni, mjue kwanza mdudu

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku chumba cha dharura. Yapata saa nne mama mmoja aliingia mbio akiwa amembeba mtoto wa miaka mitatu. Nyuma yake shangazi wa mtoto alikuwa akirudia neno moja: “Daktari, ni degedege, jioni alikuwa mzima kabisa.” Mtoto alikuwa akitokwa mate mengi, nguo zimelowa jasho, amejichafua kwa haja zote mbili, na kifua chake kilikuwa kikikoroma kama cha mtu aliyetolewa majini. Nilipomulika macho yake kwa tochi, mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Nguo zake zilinuka kitu kikali kinachokaribia harufu ya vitunguu saumu na mafuta ya taa.

Degedege la homa haliji namna ile. Nikamuuliza mama, “Nyumbani mna dawa ya wadudu?” Akafikiri kidogo, akajibu, “Hapana daktari. Ipo ya maua tu.”

Ndugu msomaji, hiyo “ya maua tu” ndiyo iliyotaka kumtoa mtoto roho. Mama yule ana maua matano sebuleni, na moja lilianza kuota kitu cheupe kama pamba. Jirani akamwelekeza duka la pembejeo za kilimo. Muuzaji hakumuuliza ni mdudu gani wala ua liko wapi. Alimimina sumu kutoka kwenye dumu kubwa, akaijaza kwenye chupa ya soda ya plastiki, akamwambia achanganye na maji. Mama alipuliza nusu, nusu akaifunga na kuiweka chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kilicho ndani ya chupa ya soda ni soda.

Tulimchoma atropini, dozi baada ya dozi, tukamwogesha, tukamwekea oksijeni, na siku ya nne alikaa kitandani akaomba uji. Wakati wa kuruhusiwa, mama alinionyesha picha ya lile ua kwenye simu. Wadudu wale naliwatambua mara moja, kwa sababu hata mimi wamewahi kunishambulia maua yangu ya barazani. Wanatoka kwa pamba na spiriti. Sikuwa na moyo wa kumwambia siku ile. Alipokuja kliniki wiki mbili baadaye nilimwambia, na yeye ndiye aliyeniomba niwaandikie wengine.

Kwa hiyo leo nitawaeleza namna ya kuwatambua wadudu wa maua ya ndani na kuwaondoa bila kuleta sumu nyumbani.

Kipimo kwanza, dawa baadaye

Kila wiki nawaambia wagonjwa wasinunue antibayotiki kabla ya kupimwa. Kwa maua kanuni ni hiyo hiyo. Majani kuwa ya njano si lazima yawe na mdudu. Mara nyingi sababu ni maji mengi, chungu kisicho na tundu chini, au ua kukaa gizani. Ukipuliza sumu kwenye ua ambalo mizizi yake imeoza kwa maji, umetibu ugonjwa usiokuwepo na familia yako ndiyo iliyovuta hewa hiyo.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Lipeleke ua penye mwanga. Geuza majani, kwa sababu wadudu wengi hukaa upande wa chini. Angalia pale jani linapoungana na shina, angalia machipukizi, kisha chokonoa udongo wa juu kwa kijiti. Kama macho yanasumbua, kama yangu yalivyoanza baada ya miaka arobaini, piga picha kwa simu halafu uikuze. Wafuatao ndio utakaowakuta mara nyingi.

Vidung'ata. Hawa ndio wale wa mama yangu wa zamu ya usiku. Wanaonekana kama vipande vya pamba au unga mweupe kwenye maungio ya majani. Mwili wao umefunikwa na nta, ndiyo maana ukipuliza dawa yoyote ya maji inateleza na kudondoka, na ndiyo maana watu huongeza ukali wa sumu wakidhani ni mdudu sugu. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 huyeyusha ile nta. Lowesha kijiti cha pamba cha masikio, mguse kila mmoja, kisha mfute. Rudia kila baada ya siku tano au saba kwa wiki tatu hivi, maana mayai hubaki. Fanya kazi hiyo mbali na jiko, kwa kuwa spiriti inashika moto, na ukimaliza ifungie mbali na watoto.

Vidukari. Ni wadudu wadogo laini, wa kijani, weusi au wa njano, wanaojazana kwenye machipukizi. Wanafyonza utomvu, majani yanajikunja. Majike yao huzaa bila kupandwa na dume, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai, ndiyo maana leo unaona watano na wiki ijayo shina zima limejaa. Wengi wao huondoka kwa maji tu. Lipeleke ua bafuni au nje, funika udongo kwa mfuko, limwagie maji ya bomba yenye msukumo huku ukishikilia chipukizi kwa vidole. Waliobaki, wapulizie maji ya sabuni.

Utitiri mwekundu. Huu ni jamaa ya buibui, una miguu minane, na ni mdogo kiasi kwamba unaonekana kama vumbi. Jani hujaa vidoa vidogo vya rangi hafifu kana kwamba limechomwachomwa na sindano, na ukizidi utaona utando mwembamba kati ya majani. Unapenda joto na ukavu, kwa hiyo utaukuta kwenye ua lililo dirishani au karibu na kiyoyozi. Kipimo chake: weka karatasi nyeupe chini ya jani, gonga jani kwa kidole, subiri. Vidoa vikianza kutembea, umepata jibu. Nao huondolewa kwa kuosha majani pande zote mbili, kila baada ya siku tatu au nne mwanzoni. Sumu nyingi za wadudu haziui utitiri vizuri, lakini zinaua wadudu wanaoula, hivyo mtu anapuliza na baada ya wiki mbili hali ni mbaya kuliko mwanzo.

Inzi weupe. Ukitikisa ua wanaruka kama majivu, kisha wanarudi. Rangi ya njano inawavuta. Chukua kipande cha plastiki ya njano, kipake mafuta ya mgando, kichomeke kwenye chungu, watanasa. Chini ya majani pulizia maji ya sabuni, maana watoto wao wamejibandika hapo na hawaruki.

Wadudu gamba. Unaona vivimbe vya kahawia kwenye shina, havitembei, unadhani ni sehemu ya mmea. Kwangua kimoja kwa ukucha. Kikibanduka na kuacha unyevu, ni mdudu. Sugua taratibu kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni.

Vijinzi vyeusi vya udongo. Hivi huruka ovyo usoni unapomwagilia, na watu wengi huwadhania mbu. Hawaumi na hawaambukizi ugonjwa. Watoto wao hukaa kwenye udongo uliolowa muda wote na kula uozo. Kama una mazoea ya kumwaga majani ya chai au maji ya kuoshea nyama kwenye chungu, umewapikia mwenyewe. Acha udongo wa juu ukauke sentimita mbili au tatu kabla ya kumwagilia tena, na watapungua.

Alama nyingine ya kukusaidia ni sisimizi. Ukiwaona wakipanda na kushuka kwenye shina, usihangaike nao kwanza. Vidukari, vidung'ata, inzi weupe na wadudu gamba wengi hutoa majimaji matamu, na sisimizi wanayafuata na hata kuwalinda wadudu hao. Majimaji hayo yakikaa juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Masizi hayo hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Ukimwondoa mdudu, sisimizi ataondoka na masizi hayatarudi.

Dawa ya jikoni na vipimo vyake

Maji ya sabuni ni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo kali, kwa lita moja ya maji safi. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, itaunguza majani. Jaribu kwanza kwenye jani moja, subiri siku moja. Jani likiwa zima, pulizia ua lote jioni, hasa chini ya majani, kisha baada ya saa chache lioshe kwa maji. Sabuni huua mdudu aliyelowa tu. Ikishakauka haina kazi tena, kwa hiyo rudia baada ya siku tano hadi saba, mara tatu. Wengi hushindwa hapa: wanapuliza mara moja, wanaona wadudu wamerudi kutoka kwenye mayai, wanasema sabuni haifanyi kazi.

Mwarobaini nao unafaa. Kijiko cha chai cha mafuta yake, matone machache ya sabuni, lita moja ya maji ya uvuguvugu, tikisa na utumie siku hiyo hiyo. Hufanya kazi polepole, mdudu hukosa hamu ya kula na kushindwa kukua. Lakini asikudanganye mtu kwamba cha asili hakina madhara. Mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mchanga yanaweza kuleta kutapika, kulegea na degedege. Yaweke unapoweka dawa zote, juu na kwa kufunga.

Vipo vitu vitatu ambavyo naomba usivitumie kabisa. Cha kwanza ni maji ya tumbaku. Nikotini hupenya kwenye ngozi na ni sumu kwa mwili wako kama ilivyo kwa mdudu. Cha pili ni mafuta ya taa. Huunguza mmea, na mtoto akiyanywa, kiasi kidogo kikiingia mapafuni huleta nimonia mbaya. Cha tatu ni dawa ya kupuliza mbu ya kopo. Imetengenezwa kwa ajili ya hewa ya chumba na mara nyingi huunguza majani.

Na kama ua limeelemewa kabisa, kila jani lina wadudu na umejitahidi mwezi mzima? Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, lipeleke kwenye taka. Najua lingine ulipewa na mama mkwe. Chukua tawi safi, lioshe vizuri, lichomeke kwenye udongo mpya mbali na mengine. Ua jipya linaloingia nyumbani nalo litenge wiki mbili au tatu kabla ya kuliweka na wenzake, maana wadudu wengi huingia na mgeni.

Ukilazimika kununua kiuatilifu

Wapo watakaonunua, kwa hiyo nisinyamaze. Usikubali sumu ya kupimiwa. Nunua iliyo kwenye chombo chake cha kiwandani, chenye lebo unayoweza kuisoma, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Angalia mstari wa rangi kwenye lebo: nyekundu ni hatari zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Hata ya kijani si maji ya kunywa.

Toa ua nje. Vaa glovu, barakoa na nguo ya mikono mirefu. Changanya kiasi cha kuisha siku hiyo. Mjamzito asifanye kazi hiyo. Usipulize mrehani, mchaichai au mboga yoyote ya kwenye kopo kwa dawa ya maua, kwa kuwa mtaila. Na kamwe usihamishie kwenye chupa ya soda, ya maji, wala ya juisi. Kati ya yote niliyoandika leo, kama utakumbuka sentensi moja tu, ikumbuke hiyo.

Sumu ikimwingia mtu

Sumu ile aliyokunywa yule mtoto ni ya kundi ambalo huzuia kimeng'enya kinachosaidia mishipa ya fahamu kupumzika baada ya kutuma ujumbe. Mwili unabaki umewashwa. Tezi zinamwaga mate, machozi na jasho, tumbo linaendesha, mkojo unatoka, mboni zinasinyaa, mapafu yanajaa majimaji, misuli inatetemeka kisha inachoka, pamoja na ile ya kupumulia. Inaweza kuingia kwa kunywa, kwa kuvuta hewa au kupitia ngozi. Dalili huanza ndani ya dakika chache au saa kadhaa, na watu wengi huzidhania malaria, degedege au mambo ya kurogwa.

Ukiona hivyo, mtoe mgonjwa penye hewa safi. Mvue nguo zilizolowa sumu, mwogeshe kwa maji mengi na sabuni, wewe ukiwa umevaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Mlaze ubavu wa kushoto ili akitapika asipaliwe. Usimtapishe kwa kidole. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Najua maziwa ndiyo dawa ya kwanza mitaani kwetu, lakini hayaondoi sumu hii, na kwa mtu anayepoteza fahamu yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na mbebee chupa au lebo ya sumu. Kwa daktari, lebo hiyo huokoa muda kuliko maelezo yoyote. Usiku ule tulichelewa kwa sababu chupa ya soda haikuwa na lolote la kusoma zaidi ya jina la soda.

Mdudu ambaye hali majani

Mdudu hatari kuliko wote kwenye chungu chako cha maua halidhuru ua hata kidogo. Tazama ile sahani iliyo chini ya chungu, inayokinga maji. Mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hupenda kutaga kwenye maji madogo yaliyotulia kama hayo. Ndiye anayeeneza homa ya dengue, ile ambayo mtaani tunaiita kidingapopo, na wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka milipuko ya 2014 na 2019.

Kwa joto letu, yai huwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Kwa hiyo kila wiki, chagua siku moja, mwaga maji ya sahani zote. Usiishie kumwaga. Sugua kwa brashi, kwa sababu mayai hunata ukingoni na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa yakipata maji. Au jaza mchanga kwenye sahani, utafyonza maji na ua litabaki na unyevu. Matawi unayooteshea kwenye chupa au glasi ya maji, badilisha maji yake na suuza chombo.

Akitokea mtu nyumbani mwenye homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma, apimwe malaria na dengue pia. Wakati mnasubiri, mpeni parasetamo na maji ya kutosha. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziacheni, maana zinaongeza hatari ya kutokwa damu.

Leo jioni fanya kazi mbili zisizozidi nusu saa. Fungua kabati la chini ya sinki na stoo, toa kila chupa ambayo huna hakika ya kilichomo. Usiimwage chooni wala mtaroni. Ifunge, iandike SUMU kwa herufi kubwa, iweke juu kwenye kufuli, kesho mwulize ofisa kilimo au ofisa afya wa kata yako namna ya kuiteketeza. Kisha geuza majani ya maua yako, na ugeuze sahani zake.

Yule mama bado ana maua. Aliponitembelea mara ya mwisho alinionyesha picha mpya, yamepungua yakawa matatu, yana majani safi. Mtoto alikuwa pembeni akivuta stetoskopu yangu. Nilimwachia aichezee.

Tukutane wiki ijayo.